Darubini ya kwanza ya muongoza watalii: usikimbilie namba kubwa

Kila msimu napokea vijana waliotoka chuoni kuja kujifunza kuongoza watalii, na swali la kwanza ni lilelile: "Mzee, ninunue darubini ya ngapi?" Wanatarajia niwatajie namba kubwa. Mimi huwaambia wanunue mwanga.

Hili nilijifunza kwa uchungu. Darubini yangu ya kwanza niliinunua kwenye duka moja katikati ya jiji, ubavuni imeandikwa 20x50. Asubuhi ya kwanza nayo tulikuwa Hyena Dam, ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, jua bado halijachomoza sawasawa. Mgeni akaniuliza kile cheusi kilicho ng'ambo ya maji ni kifaru au nyati. Nikainua darubini, nikakutana na giza linalotetemeka. Kila moyo ulipopiga, nyasi ziliruka kutoka ukingo mmoja wa duara hadi mwingine. Nilipokipata, kilikuwa kimeshageuka kinaingia kichakani. Yule mgeni alirudi kwao bila kujua aliona nini, na hadi leo jambo hilo linaniuma.

Namba mbili za darubini zina maana hii: ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Gawanya ya pili kwa ya kwanza, utapata upana wa mwali unaoingia jichoni. 8x42 inakupa milimita 5.25. 10x42 inakupa 4.2. Ile yangu ya 20x50 ilikuwa inanipa 2.5 tu. Saa saba mchana mboni ya jicho husinyaa hadi milimita 2 au 3, kwa hiyo hutaona tofauti kubwa. Lakini alfajiri mboni inapanuka, mara nyingi kufikia 5 au zaidi, na jicho linadai mwanga ambao darubini yenye mwali mwembamba haina. Na saa hizo ndizo simba na chui wako kazini.

Wengine huniletea picha za darubini za bunduki, zile za wawindaji wa kulungu huko Scotland. Kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, hazituhusu. Hesabu yake ya mwanga lakini ni hiihii: Wajerumani wanaovizia nguruwe mwitu usiku wamependa 8x56 tangu zamani, kwa sababu inatoa milimita 7 kamili.

Kwa anayeanza, ushauri wangu ni 8x42. Mkono wa kawaida unaweza kuituliza hata ukiwa umesimama ndani ya gari lenye wageni sita wanaohamahama. Pia inaonyesha eneo pana, na hilo utalishukuru ukiingia msitu wa Karura kumtafuta ndege mdogo kama shorobo anayerukaruka matawini. Ukiwa na eneo finyu, hadi uupate mti, ndege kashaondoka. 10x42 ina faida kwenye uwanda wazi kama Amboseli, ila uwe na mkono mtulivu, na dereva azime injini. Jua likishapanda, hewa ya joto inayotetemeka juu ya ardhi humfanya swala aonekane kama yuko ndani ya maji, na hapo ukikuza zaidi unakuza mtetemo wenyewe.

Dukani usiipime kwa kuangalia ukuta. Omba utoke nje mlangoni. Inyooshe mbele yako kwa urefu wa mkono, ielekee anga, kisha tazama kiduara cha mwanga kwenye kioo cha upande wa jicho. Kikiwa mviringo kamili, chenye mwanga sawa hadi ukingoni, prizimu zake, yaani vioo vya ndani vinavyogeuza mwanga, ni nzuri. Kikiwa na pembe kama mraba na vivuli vya kijivu kandokando, rudisha. Halafu angalia waya wa umeme ulio mbali. Ukiona waya mbili, au ukihisi macho yanavutwa, vioo vimepinda. Hiyo itakupa maumivu ya kichwa kila siku ya kazi. Lenzi nyekundu zinazong'aa kama kito ziache hapohapo. Ukivaa miwani, ijaribu ukiwa nayo, vikombe vya macho, zile pete unapoegemeza macho, vikiwa vimeshushwa.

Ukishainunua, ipatanishe na macho yako. Funika lenzi ya mbele ya kulia, tazama kitu kimoja kwa jicho la kushoto, zungusha gurudumu la katikati hadi kiwe wazi kabisa. Sasa funika ya kushoto, tazama kitu kilekile kwa jicho la kulia, na uzungushe pete iliyo kwenye kioo cha jicho la kulia peke yake. Kumbuka pete imesimama wapi. Nimeona watu wenye darubini za bei kali wakilalamika ukungu miaka miwili, na kumbe hawajawahi kuigusa hiyo pete.

Vumbi la murram ni mchanga. Ukilifuta kwa ncha ya shati, unakwangua lenzi. Lipulize kwanza, kisha brashi laini, kitambaa kije mwisho.

Na kabla hujatoa pesa, nenda Makumbusho ya Nairobi Jumatano asubuhi. Watu wa Nature Kenya, shirika la uhifadhi, hutembea kutazama ndege kila wiki. Omba kwa adabu ushike darubini za watu watatu au wanne, umtazame ndege mmoja, tuseme chozi, kwa zote.