Kiharusi "Kidogo" kwa Nani? Majibu kwa Maswali ya Wasomaji

Barua nyingi za safari hii zinagusa jambo moja: mgonjwa wa kiharusi na wale wanaomtibu au kumuuguza hawaoni sawa ukubwa wa ugonjwa wake, wala kiasi alichopona. Ninaanza na barua iliyonigusa zaidi.

Nilipata kiharusi miezi minane iliyopita. Hospitali waliandika kuwa ni kiharusi kidogo, na kweli natembea vizuri, lakini nikifundisha vipindi viwili naishiwa nguvu kabisa na nasahau majina ya wanafunzi wangu. Nyumbani wanasema nadeka. Je, ni kweli? (Mwalimu, Morogoro)

Hudeki, Mwalimu. Neno "kidogo" lililoandikwa hospitalini lina maana finyu kuliko ile ambayo jamaa zako wameichukua. Kipimo kinachotumika sana kukadiria ukali wa kiharusi ni kile kiitwacho NIHSS, kilichotoka katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, na alama zake huanzia 0 hadi 42. Mpimaji huangalia kama mgonjwa ana fahamu, macho yake yanasogea namna gani, uso umepinda au la, mkono na mguu vikiinuliwa vinabaki juu au vinaanguka, usemi umeathirika kiasi gani na ngozi inahisi mguso. Ni kipimo chenye manufaa makubwa katika saa za mwanzo, wakati daktari anapoamua tiba. Hata hivyo, hakina swali hata moja kuhusu uchovu, wala hakimtaki mgonjwa asimamie darasa lililojaa watoto huku akikumbuka somo, muda na jina la yule anayenyoosha mkono nyuma kabisa. Mtu anaweza kupata alama 2 tu, akahesabiwa kuwa na kiharusi kidogo, na bado akawa amepoteza kile hasa kinachompatia riziki.

Uchovu wa aina hii huwapata karibu nusu ya watu walionusurika kiharusi, na hauondoki kwa usingizi wa usiku mmoja kama uchovu wa kazi. Mweleze daktari wako ili achunguze pia mambo yanayoweza kuuzidisha, kama vile upungufu wa damu, usingizi mbaya au dawa unazotumia, na umwombe akupime kumbukumbu. Mwombe mwalimu mkuu akupangie vipindi vya asubuhi, vikiachana kwa muda wa kupumzika. Barua hii waonyeshe nyumbani.

Baba yangu amepooza mkono na mguu wa kushoto, lakini anashikilia kwamba haumwi na anataka kwenda shambani. Jana alianguka akijaribu kuinuka. Je, ni ukaidi wa uzee? (Kijana, Bukoba)

Si ukaidi, na tafadhali msimgombeze. Mwaka 1914, daktari Joseph Babinski alieleza jijini Paris habari za wagonjwa waliopooza upande mmoja ambao hawakujua kabisa kwamba wamepooza. Hali hiyo huonekana zaidi pale kiharusi kinapoharibu upande wa kulia wa ubongo, ambao ndio unaoongoza upande wa kushoto wa mwili. Sehemu iliyopaswa kumpasha baba habari za mkono wake nayo imeumia, kwa hiyo hakuna habari inayomfikia. Anasema kweli kama anavyoijua.

Kwa wengi hali hii hupungua ndani ya majuma au miezi ya mwanzo, lakini katika kipindi hicho hatari ya kuanguka ni kubwa. Kitanda kiwe cha chini, na asiachwe peke yake anapotaka kuinuka. Badala ya kubishana naye, mpeni kazi nyepesi inayohitaji mikono miwili, kama kushika sinia tupu, nanyi mkiwa karibu, ili ajionee mwenyewe. Na akisema "nimepona", msiikubali kauli hiyo kuwa sababu ya kuacha mazoezi.

Mume wangu ni fundi cherehani. Sasa anakwenda msikitini kwa miguu yake na kila mtu anampongeza kwamba amepona. Yeye anasema hajafika hata nusu, amekuwa mkimya na siku nyingine hagusi chakula. Nani yuko sahihi? (Mama, Tanga)

Wote wanasema kweli, dada yangu, ila kila upande unalinganisha na siku yake. Majirani wanamlinganisha na siku aliyobebwa kupelekwa hospitali. Yeye anajilinganisha na siku iliyotangulia hiyo, alipoweza kutunga uzi kwenye sindano bila hata kufikiri.

Mwaka 1999 mtafiti Pamela Duncan na wenzake katika Chuo Kikuu cha Kansas walitoa dodoso la kupima athari za kiharusi, na swali lake la mwisho nalipenda sana: mgonjwa mwenyewe anaombwa ataje namba kati ya 0 na 100, ambapo 0 ni kutopona kabisa na 100 ni kupona kikamilifu. Namba yake haisahihishwi na mtu. Fundi ambaye miguu imerudi lakini vidole havijarudi anaweza kujipa 40, na hiyo ndiyo namba ya maisha yake. Upo pia upande wa pili. Mwaka huo huo watafiti Albrecht na Devlieger waliandika kwamba zaidi ya nusu ya watu wenye ulemavu mkubwa waliozungumza nao walisema maisha yao ni mazuri au mazuri sana. Ndiyo maana sikubali mtu wa nje apewe kazi ya kutangaza kwamba fulani amepona.

Kinachonitia wasiwasi katika barua yako ni ukimya na kukosa hamu ya kula. Takribani mtu mmoja kati ya watatu walionusurika kiharusi hupata sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, na sonona humfanya mtu aone hata hatua aliyopiga kuwa si kitu. Inatibika. Mpeleke akapimwe juma hili, na waombe majirani waache kumwambia ashukuru tu. Muulize ni kazi ipi ya mkono anayoitamani zaidi, kisha mwombeni mtaalamu wa fiziotherapia aanzie hapo: vifungo, mkasi, kitambaa chenyewe.

Niliambiwa kwamba miezi mitatu ikipita hakuna kinachorudi tena. Nina miezi mitano. (Nakuru)

Kauli hiyo ina chanzo chake. Utafiti wa Copenhagen uliotolewa mwaka 1995 uliwafuatilia wagonjwa 1,197 na kukuta kwamba asilimia 95 walifikia kiwango chao cha juu ndani ya majuma kumi na mawili na nusu. Lakini kilichopimwa kilikuwa kula, kuoga, kuvaa, kupanda ngazi na mengine ya namna hiyo, na mtu anaweza kupata alama zote za kipimo hicho huku mkono wake ukiwa bado una mengi ya kujifunza. Mwaka 2006 utafiti mwingine, wa Marekani, ulionyesha kwamba watu waliokuwa na miezi 3 hadi 9 tangu kiharusi, na ambao mkono wao ulibakiwa na uwezo kiasi, walinufaika walipovishwa glavu nene kwenye ule mkono mwingine usio dhaifu kwa muda mwingi wa siku, kwa majuma mawili, huku mkono dhaifu ukifanyishwa kazi kwa bidii. Endelea na mazoezi.

Dada yangu anaamini amepigwa na jini, hivyo haoni maana ya mazoezi wala vidonge vya presha. (Temeke)

Usianze kwa kubishana kuhusu jini. Dada yako hayuko peke yake: utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uliwakuta watu wengi wa Dar es Salaam wakikihusisha kiharusi na majini na uchawi, na wengi wakianzia kwa waganga, ilhali wale wa wilaya ya Hai walitaja zaidi presha, mafuta na mawazo, na wakaanzia hospitali. Anayeamini kwamba kuna kitu cha kutolewa mwilini husubiri kitolewe, na katika kusubiri huko majuma ya thamani hupita. Dua ziendelee, nawe umwombe jambo moja tu: mpime presha pamoja, mbele ya macho yake, na vidonge visikatishwe hata siku moja.

Juzi mkono wa kulia ulilegea na ulimi ukawa mzito, lakini baada ya nusu saa yote yakaisha. Nimeona si jambo kubwa. (Dodoma)

Hapa siwezi kukubaliana nawe. Dalili zinazokuja na kuondoka hivyo mara nyingi ni onyo la mshipa wa ubongo ulioziba kwa muda, na siku chache zinazofuata ndizo zenye hatari kubwa ya kiharusi kamili. Nenda hospitali leo, ueleze saa zilipoanza na saa zilipoisha, hata kama mkono huo ndio ulioutumia kuniandikia.