Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Waifai Hudorora Usiku?

SWALI: Mhariri, salamu. Tunaishi katika jengo la ghorofa hapa Mombasa, na karibu kila nyumba ina waifai yake. Asubuhi intaneti huwa nzuri, lakini ikifika saa mbili usiku video hukwama, na wanangu hushindwa kupakua kazi za shule wakiwa chumba cha nyuma. Nimelipia kifurushi cha kasi zaidi na hali ni ile ile. Je, kosa ni la kampuni au la ruta?
Mama wa watoto wawili, Mombasa

JIBU: Mama, usiongeze pesa nyingine kabla ya kufanya jaribio moja. Usiku huo huo wa matatizo, unganisha kompyuta na ruta kwa waya, kisha pima kasi. Ikiwa kwa waya unapata kasi uliyolipia, kampuni haina kosa, na tatizo liko hewani, ndani ya jengo lenu.

Waifai ni redio. Vifaa vinavyotumia chaneli moja, yaani njia moja ya mawimbi, husikilizana kama wazee barazani: mmoja akisema, wengine husubiri, hata kama ni vya nyumba tofauti. Katika gigahezi 2.4, mojawapo ya masafa (mikanda ya mawimbi) ya waifai, chaneli zisizoingiliana ni tatu tu, yaani 1, 6 na 11, na hizo ndizo jengo zima linagawana saa ambayo kila mtu amesharudi nyumbani. Kiwango cha kwanza cha mitandao hii kilipotolewa mwaka 1997, kasi yake ilikuwa megabiti 2 kwa sekunde na watumiaji walikuwa wachache. Leo masafa yale yale yanabeba simu, televisheni, kamera za ulinzi na Bluetooth, na hata tanuri la maikrowevu huyavuruga linapowaka.

Chumba cha nyuma kinazidisha tatizo. Kifaa kinachopata mawimbi hafifu hutuma data polepole, kwa hiyo hushika hewa kwa muda mrefu na kuwachelewesha hata walioketi karibu na ruta. Ndiyo maana kifurushi kikubwa hakikukusaidia.

Hamishia simu na televisheni kwenye masafa mengine ya waifai, gigahezi 5, ambako chaneli ni nyingi zaidi. Mawimbi yake hupenya kuta kwa shida. Hilo litakupunguzia kelele za majirani, ila halitakifaa chumba cha nyuma. Itoe ruta nyuma ya televisheni, mahali ambapo mafundi wengi huiacha kwa sababu waya umeingilia hapo, uiweke juu, katikati ya nyumba. Kwa watoto, ningependelea uvute waya hadi chumbani mwao na kufunga ruta ya pili huko, kuliko kununua kifaa cha kurudia mawimbi, kwa kuwa vingi vya aina hiyo hutumia hewa ile ile iliyokwisha kujaa.

Ukiwa ndani ya mipangilio ya ruta, badilisha nywila iliyotoka nayo kiwandani na uchague ulinzi wa WPA2 au WPA3, yaani njia za kuufunga mtandao wako wageni wasiingie. Ule wa zamani, WEP, watafiti walishauvunja tangu mwaka 2001.

Ikiwa kasi ya waya nayo hushuka kila saa mbili usiku, andika vipimo vya asubuhi na vya usiku kwa siku kadhaa, halafu ipigie kampuni simu ukiwa navyo mkononi.