Nguo ya sikukuu isile ada ya Januari

Mzazi anayeanza kwa kuuliza bei ya gauni ameshachelewa. Hesabu ya Krismasi huanzia mbele: shule zikifunguliwa Januari utadaiwa nini? Ada, sare, madaftari na michango viandikwe, pesa yake iwekwe kando kabla hujakanyaga Kariakoo. Kinachobaki ndicho cha sikukuu.

Tuseme zimebaki shilingi 180,000 na watoto ni watatu. Usikimbilie kugawa kwa tatu. Toa kwanza vile vinavyosahaulika: nauli 20,000, pesa ya mkononi ya bembea, baluni na aiskrimu, 5,000 kwa kila mtoto kila siku kwa siku mbili, jumla 30,000, na 10,000 ya soksi au zipu itakayoharibika. Zinabaki 120,000, na hizo nazo si lazima ziwe arobaini arobaini. Viatu vya mkubwa ni ghali zaidi. Mdogo anaweza kurithi shati la kaka yake, ila apate kitu kimoja kipya kabisa, hata kama ni cha bei ya chini. Kinachomliza ni kukosa kipya, bei haijui.

Bajeti nyingi huvunjikia kwenye viatu. Vinanunuliwa mwisho, pesa imeisha, mtoto yuko nyumbani na mzazi anakisia namba. Jioni, wakati mguu umetanuka kidogo, msimamishe mtoto juu ya karatasi, chora nyayo zote mbili, kata ile ndefu uende nayo dukani. Ikishaingia ndani ya kiatu, mbele ibaki nafasi ya kama sentimita 1. Ikizidi sana, kiatu kinampwaya na kumchubua kisigino, atakivua njiani. Kisha kikunje kiatu: ukiona mwanya kati ya soli na sehemu ya juu, hapo ni gundi tupu bila uzi, na mvua za vuli zitakiachanisha. Kwa Krismasi chukua vyeusi vya kufunika vinavyokubalika shuleni. Mtoto atabisha. Mwachie achague rangi ya nguo.

Fundi naye ana msimu wake. Kwa Idd, kitambaa kimfikie katikati ya Shaabani. Kumi la mwisho la Ramadhani hakatai kazi ya mtu, ndiyo maana nguo nyingine hutoka usiku wa kuamkia sikukuu hazina vifungo. Patana naye bei moja yenye bitana, zipu na vifungo ndani yake, maana vikitajwa kimoja kimoja baadaye ndipo gharama inapopanda. Mwambie aache upindo wa sentimita 5 chini na 2 kila ubavu, mwakani afumue tu.

Mtumba hauna aibu yoyote. Gauni lililofuliwa, likapigwa pasi na kufungwa utepe mpya, mtoto hajali lilitoka kwenye robota. Gari la rimoti ndilo la kuogopa. Kabla ya kulipa, fungua mfuniko uhesabu betri, ujue utazinunua tena na tena. Mpira hauna gharama hiyo.

Wanaosherehekea Idd wana jambo jingine la kutazama. Idd el-Fitri hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka wa kawaida. Mwaka 2026 imeangukia Machi. Kwa hesabu ya kalenda, 2030 itakuwa mwanzoni mwa Februari na 2031 mwishoni mwa Januari, yaani nguo na ada mlango mmoja. Toka Idd hadi Idd ni kama wiki 50, kwa hiyo 180,000 ni 3,600 kwa wiki. Kibubu kiwe cha mbao kilichopigiliwa misumari pande zote. Cha kufuli hufunguliwa sukari ikiisha.