Kilichohifadhiwa Kitaombwa Tu

Kwa miaka minne kazi yangu ilikuwa kufungua barua za watu wanaotaka kujua habari za watu wengine. Nilikuwa kwenye kitengo kidogo cha kampuni ya simu, watu watatu na printa moja. Barua zilitoka kwa wapelelezi, waendesha mashtaka, watu wa kodi, mara chache mahakama yenyewe. Kila barua ilitaja namba na tarehe. Sisi tulitoa orodha.

Nikisimulia haya, wengi hudhani tulikuwa tunasikiliza maongezi. Hatukuwa na neno hata moja la mtu. Orodha ilionyesha namba iliyopiga, namba iliyopigiwa, saa, sekunde za maongezi na mnara ulioshika simu, basi. Ukiitazama mara ya kwanza inachosha kama risiti. Ukishaizoea unaona mtu analala wapi, kwa sababu mnara wa saa nane za usiku huwa ni ule ule, na siku ukibadilika, kalala kwingine. Namkumbuka mmoja ambaye mnara wake wa mchana ulikoma ghafla. Akawa anashinda akizunguka, leo mnara huu, kesho ule, lakini jioni anarudi kwake saa ile ile aliyozoea kutoka kazini. Nilijiambia kaachishwa kazi, na huenda nimejua kabla ya mkewe.

Anayedhani natia chumvi amtazame Malte Spitz, mwanasiasa wa chama cha Kijani nchini Ujerumani. Aliishitaki kampuni yake ya simu ili impe kumbukumbu zake mwenyewe, kisha mwaka 2011 akaziacha zichapishwe kwenye Zeit Online. Miezi sita ya maisha yake ilikuwa mistari 35,830. Zilipowekwa kwenye ramani, yeyote mwenye intaneti aliweza kumfuata njia nzima, safari kwa safari.

Sasa ile Ijumaa. Barua ilikuja jioni, ikiwa na mhuri, sahihi na namba ya jalada, na namba tisa za simu. Nane zilikuwa zimechapwa. Ya tisa iliongezwa chini kwa kalamu. Niliiona, wala sitajitetea kwamba sikuiona. Aliyeileta alisema ni ya dharura, mimi nilitaka kwenda nyumbani, nikazitoa zote tisa. Miezi kadhaa baadaye alikuja mama mmoja kaunta akiuliza nani anatoa siri za simu yake, kwa sababu mume waliyetengana anajua kila anayempigia na kila anakokwenda. Mumewe ndiye aliyekuwa ametia sahihi ile barua. Sheria ya kazi yetu ilinikataza kumwambia chochote, hata kwamba ombi liliwahi kuwepo. Nilimpa fomu ya malalamiko.

Nilidhani ni mkosi wa ofisi yetu. Baadaye nikasoma kwamba mwaka 2013 mkaguzi mkuu wa NSA, shirika la Marekani la ujasusi wa mawasiliano, alimwandikia Seneta Chuck Grassley akiorodhesha matukio 12 yaliyothibitika tangu mwaka 2003 ya watumishi kutumia mitambo kinyume cha kanuni kwa makusudi. Mengi yalihusu wapenzi na wenzi wao. Na hao ndio waliobainika.

Kwa hiyo ukiniambia huna cha kuficha, nitakujibu kwamba yule mama naye hakuwa nacho. Mabishano yetu ya faragha huanzia pabaya: tunagombana kama serikali ni njema au mbaya, kama huyu tunamwamini au yule. Mimi nimekaa upande wa pili wa kaunta, na swali langu ni moja: kuna nini ghalani? Kumbukumbu zile ziliwekwa kwa ajili ya bili. Hakuna aliyeziweka ili mume amfuatilie mke. Zilikuwepo, zikaombwa. Wahenga walisema akiba haiozi, nao walikuwa wanasifia.

Sheria, pale inapofanya kazi yake, imeanza kulielewa hili. Mwaka 2006 Umoja wa Ulaya ulitoa mwongozo wa kuzilazimisha kampuni za simu na intaneti kutunza kumbukumbu za kila mtu, kwa muda wa miezi 6 hadi miaka 2. Tarehe 8 Aprili 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja huo iliubatilisha, kwa sababu uliwagusa watu wote, hata wasio na harufu ya kosa lolote. Kule Marekani kanuni ya mwaka 1979 ilikuwa kwamba namba unazopiga umezikabidhi mwenyewe kwa kampuni, kwa hiyo usitarajie faragha. Mwaka 2018, katika kesi ya Carpenter, polisi walikuwa wamechukua kumbukumbu za mahali alipokuwa mtu mmoja kwa siku 127, jumla ya nukta 12,898. Majaji watano dhidi ya wanne wa Mahakama ya Juu wakasema kwa hilo sharti iwepo hati ya upekuzi. Watano kwa wanne! Jaji mmoja tu angegeuka.

Wapo watakaosema nawafunga mikono wapelelezi. Hapana. Nimewahi kukesha na kikosi kizima tukitafuta mnara ulioshika simu ya mtoto aliyepotea, na alipatikana. Usiku ule ule jaji aliamshwa, amri ikatiwa sahihi, ikatufikia kabla hapajapambazuka. Kesi ya haraka kuliko zote nilizowahi kushika ndiyo iliyokuwa na karatasi zilizokamilika kuliko zote. Tangu siku hiyo neno dharura, bila karatasi, linanifanya nivute kiti nikae.

Nakuja kwenye ushauri, na naanza na wewe unayetunza habari za wengine, kwa sababu huyo husahaulika. Una zahanati, shule, duka la mtandaoni, chama cha kuweka na kukopa. Una daftari au kompyuta yenye majina, namba na anwani za watu. Siku moja atakuja mtu mwenye kitambulisho. Msalimie, mpe kiti, omba barua. Soma barua yote. Inataja kifungu gani cha sheria? Ina namba ya jalada, jina na cheo cha aliyetia sahihi? Piga simu ofisi anayosema katoka, kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, usitumie ile iliyoandikwa kwenye barua. Nakili ombi, liandike kwenye daftari lake, toa kilichotajwa tu. Wameomba mwezi wa tatu, usitoe mwaka mzima ili kuwarahisishia. Ukiona kitu kimeongezwa kwa kalamu, simamisha kila kitu na umpigie wakili. Usibishane mlangoni, na usifute chochote baada ya ombi kufika, maana hapo kosa linakuwa lako. Wa kufuta hufuta mapema, kwa utaratibu ulioandikwa: kumbukumbu zisizohitajika tena zinaondoka kila baada ya muda fulani, ombi liwepo lisiwepo. Na kama fomu yako inauliza tarehe ya kuzaliwa wakati huihitaji, acha kuiuliza.

Kwa simu yako mwenyewe, kazi kubwa ni ile ile ya kupunguza ghala. Zima historia ya maeneo kwenye akaunti yako na ufute iliyokwisha kukusanywa. Nyima ruhusa ya mahali programu zisizoihitaji. Tochi haihitaji kujua ulipo. Tumia huduma za ujumbe zenye usimbaji fiche wa mwisho hadi mwisho, yaani ujumbe unasomeka kwako na kwa unayemwandikia tu, lakini ujue unaficha maneno tu. Nani kampigia nani na saa ngapi bado vinaweza kubaki kwa mtoa huduma. Halafu kuna kosa ninalolikuta kila ninapoombwa kukagua simu ya mtu: ujumbe umefungwa kwa kufuli zuri, kisha nakala rudufu yake imewekwa kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta za kampuni, bila kufuli lolote. Anayetaka ujumbe wako hahangaiki na kufuli, anaiomba nakala. WhatsApp imeruhusu kufunga nakala hizo tangu mwaka 2021, ila ni lazima uiwashe mwenyewe. Alama ya kidole ni rahisi kutumia, lakini kidole chako mtu anaweza kukikamata akakibandika. Namba ya siri iko kichwani. Ukienda mahali unapohisi simu itachukuliwa, izime kabisa, ili ikiwashwa idai namba ya siri kwanza.

Kuna jambo moja lisilo mikononi mwako, ila inafaa ulijue linapofika bungeni. Serikali nyingi hudai kampuni zitengeneze mlango wa nyuma, yaani njia ya kulipita kufuli, utakaotumiwa na vyombo vya sheria peke yao. Mtu yeyote aliyewahi kushika mitambo ya simu atakutajia Ugiriki. Kati ya mwaka 2004 na 2005 simu zaidi ya 100 zilinaswa kwenye mtandao wa Vodafone, zikiwemo za Waziri Mkuu Kostas Karamanlis na mkewe. Wadukuzi hawakuhitaji kubuni mtambo mpya. Waliamsha uwezo wa kunasa simu uliokuwa tayari ndani ya mitambo, ule uliotengenezwa kwa ajili ya polisi wenye hati. Mwaka 2025 Apple iliondoa nchini Uingereza ulinzi wake wa juu wa nakala za kwenye wingu, baada ya kuripotiwa kwamba serikali iliidai njia ya kuingia. Watu wema walipoteza kufuli. Mhalifu mwenye akili anatafuta programu nyingine mchana huo huo.

La mwisho, kama nchi yako ina sheria ya kulinda taarifa binafsi, omba za kwako. Chini ya kanuni za Ulaya kampuni ina mwezi mmoja wa kukujibu, na sheria nyingi za kwingineko zimeiga haki hiyo. Nilipoacha kazi niliiandikia kampuni ile ile, kama mteja wa kawaida. Faili lilikuja, kubwa kuliko nilivyotarajia, likiwa na miaka niliyodhani imefutwa zamani. Niliipekua hadi nikaifikia ile Ijumaa. Upo mstari mmoja wa saa kumi na moja na dakika arobaini jioni, mnara wa karibu na ofisi, sekunde 22: nampigia mke wangu kumwambia natoka sasa hivi, imebaki barua moja tu.