Kabla ya Kushangilia Rangi ya Kahawia

Mara ya kwanza nilipochanganya maji ya majani ya chai ya Rungwe na nitrati ya fedha, chumvi ya madini ya fedha, ili kutengeneza chembe za nano za fedha, yaani chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, katika maabara moja hapa Mbeya, mchanganyiko haukugeuka kahawia kama nilivyotarajia bali ulitanda weupe kama tui. Nilidhani kasoro ni ya majani, nikachuma mengine, nikarudia kwa wiki mbili huku vidole vimeingia weusi wa nitrati usiotoka kwa sabuni, mpaka fundi wa maabara aliponiuliza maji nilikuwa nikiyachota wapi. Nilikuwa nikiyachota bombani. Kloridi iliyomo katika maji ya bomba huikamata fedha na kufanya unga mweupe usioyeyuka, na majani hubaki bila kitu cha kufanyia kazi. Tangu siku hiyo maji yoyote, hata yale yanayouzwa kwa ajili ya betri za magari, huyajaribu kwanza kwa tone moja la nitrati ya fedha, na yakifanya ukungu siyatumii.

Wanafunzi wengi hunijia wakitaka kutengeneza chembe za nano kwa majani ya dawa ya kwao, na kazi yenyewe, kwa kuitazama, ni nyepesi: gramu 0.17 za nitrati katika lita moja ya maji safi, dondoo la majani (maji yaliyochemshiwa majani) kidogo, joto la wastani, kisha kusubiri. Polifenoli, viambato vya asili vya majani, huzipa ioni za fedha (atomu za fedha zilizopungukiwa elektroni) elektroni, ioni zikawa atomu, atomu zikakusanyika kuwa chembe za kati ya nanomita 1 na 100 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), na viambato vilevile vya majani vikazifunika zisigandamane. Rangi ya kahawia hutokana na elektroni za chembe hizo kutikisika pamoja zinapopigwa na mwanga, na spektrofotomita, kifaa kinachopima mwanga unaofyonzwa na mchanganyiko, huonyesha kilele ambacho kwa kawaida huwa kwenye urefu wa mawimbi wa kati ya nanomita 400 na 450. Lakini chai nayo ni ya kahawia! Majani mengi huzidi kukoza rangi yakikaa hewani, na kwa hiyo chupa ya dondoo peke yake na chupa ya nitrati peke yake lazima zikae kando ya mchanganyiko, katika mwanga na joto lilelile, tangu dakika ya kwanza.

Andika pia kijiji, mwezi na umri wa jani, kwa sababu mti mmoja hauna viambato sawa masika na kiangazi, na ukaushe tawi la kumwonyesha mtaalamu wa mimea, maana jina moja la mti linaweza kubeba mti mwingine ukitoka Unyakyusa kwenda Uhehe. Usiandike tu kwamba ulichemsha. Mbeya iko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 au karibu na hapo, kwa hiyo anayeirudia kazi yako Dar es Salaam hatapata dondoo lilelile. Tumia kipimajoto.

Ninapogombana zaidi na wanafunzi ni kwenye jaribio la kuona kama chembe huua bakteria. Duara safi lisilo na bakteria linalotokea kwenye sahani walimooteshwa hufurahisha, ila ioni za fedha zilizobaki bila kugeuka chembe huua bakteria zenyewe, bila msaada wa mmea wowote. Zungusha mchanganyiko kwenye sentrifuji, mashine inayozungusha kwa kasi mpaka chembe zitue chini, mwaga maji ya juu, osha chembe mara tatu, kisha jaribu chembe, maji yale ya juu, dondoo na nitrati kwenye sahani moja. Mwanafunzi mmoja aligundua kwamba karibu nguvu yote ilikuwa katika maji aliyokuwa akiyamwaga, na kwa maoni yangu tasnifu yake ilikuwa bora kuliko nyingi zilizosifu mti fulani.

Kuhusu matumizi ya tiba, fedha inayopakwa ina historia yake, kwa mfano krimu ya sulfadiazini ya fedha kwenye majeraha ya moto. Fedha inayonywewa kwa muda mrefu hujikusanya mwilini na kuigeuza ngozi kuwa ya kijivu-buluu, hali isiyorudi nyuma, na mwaka 1999 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikataa kuzitambua dawa za fedha za aina hiyo zinazouzwa bila cheti cha daktari kuwa ni salama au zinafaa. Shangazi yangu, aliyesikia kwamba natengeneza dawa kwa majani ya chai, aliniomba chupa moja ya kutibu vidonda vya tumbo. Nilimnyima, akaninunia tangu Pasaka hadi mavuno ya mahindi, nami sijajuta.