Maliza Kitabu Chako Kabla Hujamsuta Mwenzako

Juzi usiku stima zilipotea Kisauni nzima. Nikakaa barazani na simu iliyobakiwa na chaji kidogo tu, ndipo ujumbe ukaingia kutoka kwa dada mmoja wa Malindi, asiyenijua ila kwa haya niandikayo. Anasema: "Dadangu, sisi tuko wanane. Tulianza kusoma riwaya pamoja mwaka huu. Kikao cha kwanza kilikuwa kitamu. Cha pili wawili waliondoka bila kuaga, na wa tatu hashiki simu mpaka leo. Nyinyi wa Mombasa mwafanyaje hata mkadumu?"

Nilicheka peke yangu gizani. Mwafanyaje hata mkadumu! Sisi tulivunjika 2023, na aliyevunja ni mimi huyu, ingawa kwa mwaka mzima nilikuwa nikimtaja mtu mwingine.

Namjibu hapa mbele ya wote kwa sababu najua wengi wenu mna kikundi kama hicho, au mnakitamani. Nani asiyetaka kukaa na mtu aliyekesha na kitabu kilekile alichokesha nacho yeye?

Kikundi nilikianzisha mimi. Nalisema mapema kwa kuwa siku hizi nalisikia likisimuliwa vingine. Ilikuwa 2019, tukiwa watano, Jumapili ya kwanza ya kila mwezi baada ya alasiri, pale Lighthouse upande wa Mama Ngina, kwa mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili. Tulianza na Utengano, kwa sababu kila mmoja alikuwa nacho nyumbani, kimeng'oka jalada, pembeni kimejaa kalamu ya kitoto.

Hapo ndipo nilipouona ugonjwa wetu. Kwetu Kenya wengi tulikutana na riwaya ya Kiswahili darasani, kama kitabu cha mtihani. Said Ahmed Mohamed alikitoa Utengano 1980. Sisi tukakisoma miaka mingi baadaye huku mwongozo, kile kijitabu cha majibu ya mtihani, umefunguliwa kando yake, na tukauamini mwongozo kuliko kitabu. Basi nilipouliza, "Jamani, mmekionaje?" akasimama mtu mzima, mama wa watoto watatu, mikono nyuma kama aliyeitwa na mwalimu: "Bwana Maksuudi ni katili. Ni mnafiki. Ni mzinzi. Maudhui ni utengano katika ndoa na katika jamii." Akakaa. Alama ishirini kwa ishirini.

Tukanyamaza. Ungeongeza nini hapo? Sifa za mhusika zilikuwa zimekwisha.

Aliyetuokoa ni Shangazi mmoja anayepaka watu hina, ambaye shule aliiacha mapema na mwongozo hakuwahi kuushika. Alisema taratibu, akimenya ndimu: "Mimi nilifungiwa. Si kama Maimuna, yule binti wa Maksuudi, lakini nilifungiwa. Tangu kuvunja ungo mpaka kuolewa, dirisha langu lilikuwa la juu. Nilikuwa naona vichwa vya watu tu wakipita. Nikawajua mtaa mzima kwa kofia na kwa utosi." Yule mama wa watoto watatu akageuka, akasahau mtihani: "Na mimi wangu namfungia, Shangazi. Nifanyeje? Wewe waijua Mombasa ya leo?" Wee! Mihogo ilipoa. Mmoja akasema Maksuudi ndiye aliyemfikisha Maimuna kule alikofika, mwingine akasema mlango ukishafunguka mguu ni wako mwenyewe. Adhana ya magharibi ilitukuta tukiwa bado tunabishana, na neno maudhui halikutajwa tena.

Lau ningelishika somo siku ile. Mimi niliondoka nikijipongeza kwa ufundi wangu wa kuongoza mazungumzo.

Miaka ya korona naipita. Tulikuwa tukiandikiana tu kwenye WhatsApp, mioyo na vidole gumba.

Sasa nije kwenye aibu yangu. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, alipopewa tuzo ya Nobel 2021, watu wa pwani tulitembea vifua mbele kana kwamba tulimshikia kalamu. Kumsoma lilikuwa jambo jingine, maana aliandika kwa Kiingereza, na huo ulikuwa udhuru mzuri. 2022 udhuru ukaondoka: Ida Hadjivayanis akatoa Peponi, tafsiri ya Paradise, riwaya yake ya 1994. Ni kisa cha Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili anayechukuliwa na tajiri Aziz kwa deni la babake, kwenye pwani yetu hii hii, kabla ya vita vya kwanza vya dunia. Nikatangaza: mwezi ujao ni Peponi, na asiyesoma asije.

Asiyesoma asije. Maneno yangu hayo, bado yako kwenye simu za watu.

Wakati huo tulikuwa kumi na wawili na nakala tatu, kila mtu wiki moja. Zamu yangu iliangukia mwisho wa mwezi, nami kazi yangu ni ya klaring, kuwatolea watu mizigo forodhani. Mwisho wa mwezi mizigo ikikwama bandarini hata jina langu nalisahau. Nilifika pale msafara wa Aziz unapofika kwa Sultani Chatu, huko bara, wiki ikaisha. Nikakipeleka kitabu kwa mwenzangu na ahadi ya kukirudia. Sikukirudia.

Jumapili ile nesi wetu alikuja na mgeni, kijana wa tuktuk, shati limepigwa pasi mpaka likasimama. Nesi mwenyewe alizungumza kwanza, karibu dakika ishirini, kuhusu Yusuf na Amina, namna kijana anavyompenda mke wa mtu ambaye naye, kama yeye, alichukuliwa kwa deni. Mimi jina la Amina ndiyo kwanza nalisikia. Nikawa naitikia kwa kichwa, tena kwa huzuni inayofaa.

Kisha tukamgeukia mgeni. Akakohoa kidogo. "Mimi, kusema kweli, kilinichosha. Pale katikati, ile safari ya bara ni ndefu mno. Nilikuwa nasinzia."

Kilinichosha! Siku yake ya kwanza! Kazi ya mtu wa Nobel! Damu ilinipanda, nikamwambia, na watu wote wakasikia: "Kaka, wewe hukukisoma. Umekipitishia macho tu." Watu wakacheka. Siku hizo nilidhani wanacheka kwa sababu nachekesha.

Kati yetu yuko mzee mmoja, mwalimu mstaafu, mtu wa maneno machache. Alingoja kicheko kiishe. "Haya, mwanangu, wewe uliyekisoma. Ule mwisho wauonaje? Yule kijana alifanya sawa?"

Neno moja lingeniokoa: sijafika. Badala yake nilisema, tena kwa sauti ya mtu aliyelifikiria jambo usiku kucha: "Alifanya sawa, Mwalimu. Mapenzi ni mapenzi. Angemwacha Amina amwachie nani?"

Kimya. Meli ya makontena ilikuwa ikiingia bandari ya Kilindini wakati ule, na nilimshukuru Mungu kwa ukubwa wake, maana nilipata pa kutazama.

Yule kijana hakutabasamu hata kidogo. Alisema kwa upole, kama anayemwonyesha mtu kifungo kilichofunguka: "Hakuondoka na Amina, dada. Aliwakimbilia askari wa Wajerumani. Ni pale mwisho kabisa." Na nesi akapiga ukelele: "Aa! Mimi nilikuwa nimebakisha kurasa chache, wanimalizia utamu!" (Nanyi ambao hamjakisoma mniwie radhi. Kisa changu hakisimuliki bila mwisho ule.)

Kijana akamaliza chai yake, akashukuru, akaenda. Mwezi uliofuata tulikuja sita. Hakuna aliyegombana nami, hakuna aliyeniambia kitu. Wale wengine niliwaona pichani tu, na kikundi chao: mkeka Tudor, birika, sahani ya mahamri, na nakala saba za kitabu kimoja. Saba! Mimi nilihangaika na tatu. Na siku waliyoichagua ni Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya alasiri. Hata siku hawakuona haja ya kubadilisha. Leo ni wengi kuliko sisi na nawaombea kheri, ila wazo lile lilizaliwa Lighthouse na aliyelizaa yupo hai.

Mwaka mzima nilisimulia kwamba kijana mmoja asiye na adabu alitugawa. Nisingebadilika lau si mtoto wa jicho wa babangu.

Baba yuko Mikindani. Alifanya kazi Kilindini tangu ujana, wakati mizigo ilipandishwa na kuteremshwa kwa mabega, kabla makontena hayajachukua kazi ile. Macho yalipoingia ukungu, kilichomuuma zaidi ni kukosa kusoma, basi nikawa napita kwake jioni nikitoka kazini kumsomea. Nilianza na Kuli ya Adam Shafi, iliyotoka 1979, kisa cha Rashidi na wachukuzi wa bandari ya Unguja mpaka mgomo wao wa 1948. Kurasa kumi kila jioni. Ndipo nilipojua kwamba huwezi kumrukia kurasa mtu anayekusikiliza. Mara mbili nilijaribu, na mara zote mbili akasema, "Hapo pana kitu umekificha."

Jioni ya tatu alinikatiza. "Huyu mtunzi, ama alibeba, ama alikaa na waliobeba." Akauchukua mkono wangu akauweka nyuma ya shingo yake, chini kidogo, pale gunia linapokaa. Ngozi ya pale bado ni ngumu kama wayo. Miaka yangu yote nimempa mkono, nimembusu kiganja, pale sijawahi kupagusa.

Siku nyingine aliuliza, "Huo ni mgomo wa Unguja. Na wetu?" Akaanza kunisimulia mgomo wa Mombasa wa Januari 1947, ambao yeye hakuuona ila babake alikuwa ndani yake, na mamake alikuwa akisema kwamba siku zile paka alilala mekoni. Nilisoma shule, nikasoma chuo, nikaisoma Kuli mara mbili kwa ajili ya mitihani, na sikujua kwamba babu yangu aligoma.

Na iko jioni moja, katikati ya ukurasa, alisema, "Funga." Nikadhani amechoka. Akatoka nje akakaa kizingitini mpaka isha. Kesho yake akaniambia, "Rudi palepale." Sikumuuliza na hajaniambia. Kitabu tulikimaliza, na mpaka leo hajasema kama ni kizuri au kibaya. Mahali alipofunga napajua lakini.

Basi nikiwa njiani kurudi, kwenye daraja la Nyali, msongamano umetuganda, nikamkumbuka kijana wa tuktuk na safari yake ya bara. Alituambia mahali. Katikati, ile safari. Kumbe ni palepale nilipoachia mimi! Sote wawili tulichokea mahali pamoja, mimi nikasingizia kazi, yeye akaendelea mpaka mwisho, kati ya abiria na abiria.

Kwa hiyo, dadangu wa Malindi, soma kitabu chote. Najua umetarajia jambo kubwa zaidi. Soma chote, na ikiwa hukuwahi, sema "sijafika" na uketi usikilize. Hakuna aliyekufa kwa neno hilo. Mtu akisema kitabu kimemchosha, muulize kimemchosha wapi, naye atakuonyesha. Pengine atakuonyesha pale ulipochoka wewe. Akisema kimemliza, muulize wapi, usimwambie alilie nini. Mwongozo uacheni nyumbani na karatasi za mtihani. Kubalianeni mapema kama mwisho utatajwa au hautatajwa, maana nesi wetu hajanisamehe mpaka leo na kosa halikuwa langu. Na wale watatu waliokasirika wapigie simu wewe mwenyewe, kabla hawajapata mkeka wao. Mimi nilingoja waje kuniomba radhi.

Watu siku hizi wanasoma jalada la nyuma, wanasikiliza muhtasari wa dakika tatu kwenye simu, kisha wanakuja kutoa hukumu kama makadhi. Riwaya si mashua ya kukodi, ushuke popote unapochoka. Soma chote. Ukiwa mwenye kikundi ndiyo zaidi, maana wewe ndiwe utakayeulizwa mwisho wauonaje. Mkiwa na nakala chache, mwenye kikundi asome wa kwanza, si wa mwisho. Haya nayasema kwa mapenzi, tena nayasema nikiwa nimeyalipia.

Wiki mbili zilizopita nilisimamisha tuktuk Kongowea, nina gunia la viazi na mikungu miwili ya ndizi. Nilikuwa nimeshaingia ndipo nilipomtambua kwa shingo. Mbele, kati ya kioo na usukani, palikuwa na riwaya, tikiti ya zamani imechomekwa karibu na kurasa za mwisho. Njia nzima hatukusema kitu zaidi ya bei. Aliniteremshia gunia mpaka mlangoni. Nikamuuliza, "Kikoje hicho?"

Akakitazama, akanitazama.

"Sijafika mwisho, dada."

Akanirudishia hamsini yangu, akageuza tuktuk.