Anti, mtoto analala kwenye kibanda changu, naweza kumchukua?

SWALI: Anti shkamoo. Mi ni mama ntilie hapa Mwanza karibu na stendi. Kuna mtoto wa kiume wa kama miaka 10 analala chini ya meza zangu, asubuhi nikifika anaamka ananisaidia kuchota maji nampa chai na chapati. Anasema katokea Shinyanga, alidandia gari sababu baba wa kambo alikuwa anampiga sana. Nataka nikae nae nyumbani na wanangu ila mume wangu anasema ntakuja kuambiwa nimeiba mtoto. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, umenigusa sana. Mumeo hajakosea kuogopa, ila mtoto asiendelee kulala nje kwa ajili ya hiyo hofu. Nendeni wote wawili kwa mwenyekiti wa mtaa, halafu kwa afisa ustawi wa jamii, mkikwama pigeni 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, ni bure. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka yeyote anayejua haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa serikali za mitaa, na hiyo hiyo inatambua mlezi wa kuaminika, yaani mtu asiye ndugu ila ana tabia njema na akili timamu, ustawi wakamkagua wakaridhika kwamba nyumba yake inafaa, kwa hiyo unaweza kabisa kukaa nae kihalali wakati wao wanatafuta ndugu zake. Kuasili, yaani kumfanya awe mwanao kabisa kisheria, ni habari nyingine, hiyo mpaka mahakamani.

Ila kabla ya ofisi ongea nae yeye kwanza. Usimdanganye twende tukale halafu ajikute mbele ya askari, hawa watoto wamekimbizwa sana kwenye misako, ukimpoteza hapo humpati tena. Muulize pole pole nani kule kwao alikuwa anampenda, bibi, shangazi, mama mdogo, maana kurudi kwao sio lazima iwe kwa yule baba, na ustawi waambie hivyo hivyo wasimpakie basi kabla mtu hajaenda kuangalia hali.

Akija kwako anaweza kutoroka siku mbili tatu arudi stendi kwa wenzake, ndio ndugu zake wale, usimfungie wala usimpige, mpokee tena. Ada ya msingi shule za serikali hakuna, na kama kapitwa sana ulizia MEMKWA, ule mpango wa elimu ya msingi kwa watoto walioikosa. Mpe godoro lake na kikombe chake. Mkishatoka ustawi niandikie wamesemaje.